Baada ya Masika: Picha za Kanvasi na Kuta za Nyumba Zetu



Mvua za masika zimekatika, na kila mwenye nyumba ya pwani anajua zimeacha nini nyuma yake. Mei, mwezi unaomwaga maji mengi kuliko miezi yote hapa Mombasa, hauishii juu ya paa. Huingia mpaka ndani ya kuta. Chokaa hufura na kubambuka, pembe za dari huota ukungu mweusi, magodoro hushika uvundo, na ile rangi iliyopakwa kwa ajili ya Idi huwa imekwisha kuchoka. Kisha kusi hukaza, jua hurudi likiwa la upole, na akina mama hufungua madirisha, huanika mito na mikeka, na huanza kuzitazama kuta zao kwa jicho la kuuliza.

Katika nchi za baridi kazi hii huwa ni ya majira ya machipuko. Waajemi wana desturi ya kuisafisha nyumba nzima, zulia kwa zulia, kabla ya Nauruzi, siku ya kuanza mwaka wao inayoangukia tarehe 20 au 21 Machi. Na jina wanaloiita kazi hiyo kwa lugha yao maana yake ni kuitikisa nyumba. Neno hilo la Nauruzi ndilo lililovuka bahari likawa Nairuzi yetu, mwanzo wa ule mwaka wa jua waliohesabia mabaharia na wakulima wa pwani, ila kwetu siku yenyewe imehama ikaangukia ndani ya kipupwe. Watu wa Makunduchi, Unguja, huiadhimisha mwezi wa Julai. Kwa hivyo anayeitikisa nyumba yake wakati huu asidhani anaiga wageni. Yumo katika mwendo wa kale.

Miaka ya karibuni, wengi wanaofika hatua ya kuutazama ukuta huishia kwenye picha ya kanvasi: picha iliyopigwa kwa simu au kamera, ikachapishwa juu ya kitambaa kizito mithili ya tanga la jahazi, kisha kitambaa kikavutwa na kubanwa juu ya kiunzi cha mbao, ikatundikwa bila kioo. Hatuna sababu ya kulikejeli jambo hili. Ukuta uliochakaa huuchosha moyo wa anayeshinda mbele yake kutwa, na anayeshinda humo aghalabu ni mama.

Maswali tunayoletewa baada ya darsa ni ya namna mbili. Wanaume huuliza: yafaa? Wanawake huuliza: itadumu? Tutaanza na la wanawake, kwa kuwa katika hilo wanavyuoni hawakukhitilafiana.

Ukuta wa wazee wetu

Kabla ya kununua chochote, na tuangalie walivyofanya waliotutangulia. Aingiaye katika nyumba kongwe ya Lamu, mji ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hukuta vyumba virefu na vyembamba. Wembamba huo umetokana na urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari, ambazo hazivuki mbali. Katika chumba cha ndani kabisa, ukuta umejengwa zidaka: safu juu ya safu za vijumba vidogo vya chokaa, vyenye matao na nakshi, ambamo mliwekwa sahani na mabakuli ya kaure yaliyokuja na vyombo vya bahari kutoka mbali, hata China. Mwanga hafifu ulioingia kutoka uani ulipokewa na chokaa ile nyeupe ukatawanywa chumbani. Ukuta haukuwa mtupu, wala haukuwa na uso wa mtu.

Ukuta ule ulikuwa na sifa nyingine tuliyoipoteza: ulivuta pumzi. Matumbawe na chokaa hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Sisi wa leo tumepiga plasta ya saruji, na juu yake rangi ya mafuta, tukayafungia maji ndani. Ndipo mtu huweka picha nzuri mwezi wa Machi, na mwezi wa Juni akiishusha hukuta nyuma yake ramani ya kuvu.

Basi kazi ya kwanza ni kuujua ukuta. Chukua kipande cha nailoni nyepesi, cha ukubwa wa kitabu, ukibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache mchana na usiku. Ukikuta matone ndani, baina ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani na picha haitakiwi hapo mpaka chanzo kitengenezwe: huenda ni bomba, huenda ni mfereji wa paa, huenda ni ardhi yenyewe. Ukikuta matone upande wa nje, ni unyevu wa hewa tu, na dirisha likifunguliwa litatosha. Ukuta unaopakana na bafu tusiujaribu kabisa.

Kitambaa, wino na mbao

Kanvasi hufumwa kwa pamba, kwa polista, au kwa mchanganyiko wa vyote viwili. Pamba ina sura ya kupendeza na mkono huipenda, lakini katika hewa yetu hulegea. Mtu huiona picha imetoa tumbo katikati kama tanga lililokosa upepo. Polista hustahimili zaidi. Kwa aliyekwisha kununua ya pamba, atazame nyuma ya kiunzi penye pembe nne: kilichotengenezwa vizuri kina nafasi za kutia kabari ndogo za mbao, ambazo zikigongwa taratibu hukivuta kitambaa kikakaza tena. Ikiwa kiunzi kimepigwa misumari tu bila nafasi hizo, kikishalegea ndiyo basi. Na mbao iwe kavu kweli. Mbao mbichi hupinda, na picha ikaning'inia sikio moja juu, jingine chini.

Wino nao si mmoja. Upo ule wa rangi iliyoyeyushwa, na upo ule wa chembe ndogondogo za rangi zinazokaa juu ya kitambaa. Huu wa pili hushindana na jua kwa muda mrefu zaidi. Muulize mchapaji ni upi anaotumia, na umwombe apake vanishi juu. Akikosa jibu, mwombe kipande cha mabaki, ulowanishe kidole, ukisugue. Wino ukihama kidoleni, ondoka kwa salama.

Jambo linalowaudhi wengi ni picha kutoka chengachenga. Hesabu yake ni nyepesi. Wachapaji wengi hukadiria nukta 150 kwa kila inchi moja ya kanvasi. Picha ya simu yenye nukta 4000 kwa 3000 itatoa kanvasi ya inchi 27 kwa 20 hivi, yaani sentimita 68 kwa 51, ikiwa safi. Picha hiyohiyo ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi. Ikimfikia mchapaji ikiwa na nukta 1600 tu kwa upande mrefu, haistahili kuzidi inchi 11. Mwenye duka ataichapisha upendavyo, hata ukubwa wa mlango, kwa kuwa wewe ndiwe unayelipa. Ipeleke kama hati, wala usiitume kama picha, au ichukue mwenyewe katika kadi ya simu.

Tena kumbuka kwamba kitambaa hukunjwa kuzunguka kiunzi. Kiunzi chenye unene wa sentimita 4 hula sentimita 4 za picha kila upande. Tumeona picha ya jahazi ambalo mlingoti wake mzima umekwenda ubavuni, ukitazama mbele huoni ila tanga lisiloshikwa na kitu.

Katika kutundika, kuta za matumbawe hazipendi msumari wa nyundo. Hubomoka ndani zikaacha shimo la ngumi. Heri tundu la keekee, kizibo cha plastiki, kisha skrubu. Nyuma ya pembe mbili za chini bandika vipande vidogo vya mpira, hewa ipite baina ya kitambaa na ukuta. Usiiweke pale jua la dirishani linapopiga moja kwa moja. Kuhusu kimo, vitabu vya mapambo husema katikati ya picha iwe kiasi cha sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Hesabu hiyo ni ya watu wanaosimama. Nyumba inayokaa juu ya mikeka na magodoro ya chini, macho yake yako chini, na picha nayo ishuke. Wale wenye makochi waache nafasi ya kiganja kimoja juu ya mgongo wa kochi, na upana wa picha uwe kama thuluthi mbili za kochi lenyewe.

Je, yafaa?

Sasa tulijibu la wanaume, ambalo kwa hakika ni letu sote.

Hadithi iliyopokewa na Abu Talha, ambayo imo katika Bukhari na Muslim, inaeleza kuwa kuwapo kwa picha katika nyumba ni kizuizi cha kuingia malaika. Wanavyuoni wamesema wanaokusudiwa ni malaika wa rehema. Hapana mwanachuoni anayeipuuza hadithi hii. Khitilafu imekuja katika kujua ni picha zipi. Ibn Abbas, radhi za Allah ziwe juu yake, alijiwa na mtu ambaye kuchora kulikuwa ndiyo riziki yake; akamwonya, kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kwa hivyo bahari, minazi, mikoko, mawingu, milango ya nakshi, misikiti na majumba, hayo kwa jumhuri ya wanavyuoni hayana tatizo. Mtu akitaka salama ya dini na ya moyo, mlango huu ni mpana mno, na nchi yetu haikosi cha kupigwa picha.

Picha za watu zilizopigwa kwa kamera ndizo zenye maneno. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliona kuwa kamera haiumbi sura mpya. Hukizuia tu kivuli ambacho Allah amekwisha kukiumba, kama kioo kinavyofanya. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliifuata rai hiyo katika kitabu chake mashuhuri cha halali na haramu. Kwa upande mwingine, Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia alishika kwamba picha ya chenye roho ni picha, iwe ya mkono au ya chombo, na hairuhusiwi ila kwa dharura kama vile pasipoti na kitambulisho. Hawa wote ni watu wa elimu. Asiyekubaliana na mmoja wao asimtukane.

Lakini tunaomba ieleweke kwamba hata walioruhusu kupiga, wengi wao hawakutaka kutundika kwa kutukuza. Kuna tofauti baina ya picha iliyomo ndani ya albamu, na uso wa mita moja unaokukabili kila uingiapo. Rai yetu, na anayetaka ya mwingine yuko huru, ni kwamba sebule na chumba kinachoswaliwa visiwe na nyuso ukutani. Mtume wetu, swala na salamu zimshukie, alimwomba Bibi Aisha aliondoe pazia lake lenye picha kwa kuwa lilikuwa likimjia mbele yake akiswali. Ikiwa yeye lilimshughulisha, sisi ambao akili zetu huruka na mlio wa simu tutakuwaje? Hata picha ya miti, tusiitundike upande wa kibla.

Iko riwaya nyingine katika Muslim ambayo huwa hatuitaji, labda kwa sababu inatugusa mfukoni. Bibi Aisha alitundika kitambaa mlangoni. Mtume aliporejea safarini akakiteremsha, akaeleza kuwa hatukuamrishwa kuvivika nguo mawe na udongo. Bibi Aisha akakikata akafanya mito miwili, akaijaza nyuzi za mtende, na Mtume hakumlaumu kwa hilo. Hapa twapata mambo mawili. Ukuta hauna haki ya kuvikwa kabla ya mtoto aliye na sare iliyochanika. Na kitambaa kilichokosa mahali ukutani kinaweza kupata kazi kwingine, hakitupwi.

Picha iliyo juu ya kabati

Hukumu ni nyepesi kuisema darsani. Mama mmoja wa makamo alitujia na mumewe. Mwana wao wa pili, kijana mvuvi, alizama miaka miwili nyuma. Mama alikuwa na picha yake moja nzuri, amecheka, akaipeleka ikachapishwa kwenye kanvasi kubwa, akaitundika sebuleni. Mume akasema: “Sheikh, kila nikisimama kuswali namwona, na sala hunivunjika. Nimemwomba aitoe, hataki.” Mama hakumjibu mumewe, alitujibu sisi. “Maalim, mimi sikuitundika niiabudu. Naogopa kuusahau uso wa mwanangu.”

Tuliwaambia yale tuliyoyaandika hapo juu. Tukamwambia mama kwamba aliyekufa hafikiwi na picha, hufikiwa na dua na sadaka. Kwamba picha ndogo katika albamu au sandukuni mwake itauhifadhi uso huo vilevile. Na kwamba akitaka kitu cha ukutani, achapishe picha ya mashua ya kijana ikiwa ufukweni, watakayoitazama wote wawili. Akatusikiliza kwa adabu, kisha akasema: “Mashua si mwanangu.”

Hatukuwa na neno la kuongeza, tukawaombea. Picha ilishushwa. Haikuharibiwa, na hatukumtaka aiharibu. Ilifungwa ndani ya leso ikawekwa juu ya kabati la chumbani. Juzi tumeelezwa kuwa siku ya kufuta nyumba baada ya mvua, aliyepanda kiti akaishusha, akaifungua, akaipangusa vumbi na kuifunga tena, alikuwa ni baba.

Faili hubaki dukani

Tumeshika sana habari ya ukuta tukasahau habari ya duka, na hapa ndipo tunapoona hatari kubwa zaidi kwa dada zetu.

Hapo kale familia zilikwenda studio. Studio ya N. V. Parekh mjini Mombasa, iliyopiga picha za wenyeji wengi katika miaka ya 1950 na 1960, ilikuwa mojawapo. Picha ilitoka ya ukubwa wa kiganja, ikafichwa katika sanduku la mama, akaonyeshwa aliye halali kuonyeshwa. Leo binti hupiga picha ya harusi ya dada yake ukumbini mwa wanawake, nywele wazi, mabega wazi, hina mpaka kiwiko. Huipeleka dukani kwa simu, na kijana wa dukani huiweka katika kompyuta, huikuza, huisahihisha ngozi kwa nusu saa, kisha huichapisha. Kanvasi inakwenda nyumbani. Faili linabaki. Maduka mengine huitundika nakala dirishani kuwa ni sampuli ya kazi yao, bila kuuliza. Binti aliyeona haya kutoka bila buibui hukuta watu wanampita akiwa dirishani, usiku na mchana.

Hatusemi wachapaji ni watu wabaya. Wengi ni vijana wetu wanaotafuta riziki ya halali. Lakini amana haijengwi juu ya dhana njema peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake za kibinafsi zifutwe, na picha ya uso wake ni katika hizo. Tena ipo Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya kupokea malalamiko. Basi mama anapokwenda kuchukua kazi yake, aseme mbele ya mchapaji: lifute faili hili nikiona, na ulitoe na kwenye pipa la taka la kompyuta. Afute na ujumbe wenyewe katika simu ya duka. Asione haya kusema. Anayeona haya ya maneno mawili dukani huenda akajuta kwa miaka.

Na picha ya wanawake wasiojisitiri isichapishwe kabisa kwa ajili ya ukuta wa sebule, hata kama duka ni la mwanamke. Fundi wa umeme ataingia. Shemeji ataingia. Muuza maji ataingia. Wale waliomo pichani, shangazi na binamu na marafiki, hawakuulizwa kama wataka kutazamwa na hao.

Aya juu ya kitambaa

Wapo wanaosema: basi tutaepuka yote, tutatundika Ayatul Kursiy. Nia ni njema. Hata hivyo Imam Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafii twamtegemea sana, ameeleza katika kitabu chake At-Tibyan kuwa ni makruhu kuziandika kuta kwa Qur'ani na majina ya Allah. Waliolegeza baada yake wameshurutisha heshima. Tukishika hata hiyo rai nyepesi, heshima yaanza na kuiandika sawasawa.

Herufi za Kiarabu hubadilika sura mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, tena huandikwa kutoka kulia. Programu za kompyuta zisizotengenezewa lugha hiyo huzitenganisha herufi zote na kuzipanga kutoka kushoto, na mchapaji asiyejua kusoma huona ni nakshi nzuri tu. Bismillahi hutoka imekuwa rundo la herufi mayatima. Liko na tatizo la ukingo: maduka mengi, ili kupata kitambaa cha kukunjia, huurudufu ukingo wa picha kinyume kama kioo. Ikiwa aya imekaribia ukingo, ubavuni mwa kiunzi patatokea maneno ya Qur'ani yaliyogeuzwa. Aliyehifadhi akikaa pembeni mwa chumba atayaona, na hatokuwa na raha. Mpelekee msomaji wa madrasa aitazame kwenye skrini kabla haijachapishwa, herufi kwa herufi na irabu kwa irabu, na acha nafasi tupu ya kiganja kizima pande zote.

Isitundikwe ikielekea choo, wala pale miguu ya mwenye kulala inaponyooka. Na ikipauka, haitupwi jaani na maganda ya ndizi. Huchomwa mahali safi na jivu lake kuzikwa, au huzikwa ardhini pasipokanyagwa.

Basi tutundike nini?

Tumekuwa tukikataza mno, na mwenye nyumba bado ana ukuta mtupu. Tuseme tunayoyapenda. Picha ya mlango wa nyumba ya babu iliyouzwa. Mikoko ya Mida wakati maji yamekupwa. Mnara wa Msikiti wa Mandhry. Ukurasa mmoja wa barua ya bibi kwa hati ya Kiarabu, lugha ikiwa ni Kiswahili, jambo ambalo wajukuu wengi hawajui kuwa liliwezekana. Wakiiona ukutani watauliza, na wakiuliza watafundishwa. Barua ya namna hiyo ipigwe picha mchana, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, na asili yake irudishwe mahali pakavu. Ila isomwe yote kwanza, maana barua za wazee zina siri za watu.

Kwa asiye na fedha za kanvasi, leso nzuri ikikazwa juu ya kiunzi cha mbao na fundi wa mtaani hufanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Hapo pia tunawasihi dada zetu walitazame jina lililoandikwa. Leso yenye fumbo la kumchoma mtu, ikitundikwa sebuleni anapokaa wifi kila Ijumaa, haitakuwa pambo.

Ikishatundikwa, ipanguswe kwa kitambaa laini kikavu kila wiki mbili. Maji na sabuni huondoa vanishi na kuufikia wino. Mwezi wa Oktoba, vuli haijaanza, ishushwe siku moja, ukuta wa nyuma yake utazamwe, kabari zigongwe kidogo, na nailoni ile ibandikwe tena.